Tathmini ya huduma ya kuhamisha vyombo kutoka Morogoro hadi Tanga

Mume wangu alipopata kazi katika bandari ya Tanga, tulihama Morogoro tukiwa na mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi saba, na vyombo vyote tukavikabidhi kwa kampuni ndogo yenye Fuso moja na wapagazi watatu. Ninawapendekeza kwa dhati, ingawa si kwa kila jambo.

Kilichonigusa zaidi ni namna walivyofungasha. Sahani na vikombe walivizungushia khanga zangu kuukuu kabla ya kuvipanga kwenye maboksi, na kila boksi likaandikwa chumba linakokwenda. Lile la neti, nepi na chupa ya uji lilipakiwa mwisho, kama nilivyosisitiza, hivyo likashushwa la kwanza, na mdogo akalala ndani ya neti yake kabla hata kitanda chetu hakijaunganishwa.

Safari kupitia Chalinze na Segera ilikuwa salama. Dereva alipotea kidogo Ngamiani, mjini Tanga, ambako barabara hutajwa kwa namba, kwa hiyo mpeni namba ya barabara yenu mapema. Bei tuliyokubaliana Morogoro ndiyo tuliyolipa Tanga, bila nyongeza ya kushusha mizigo.

Hata hivyo, kioo cha kabati kilipasuka, na nilipiga simu mara nne ndipo wakalipa nusu ya gharama. Dai mkataba wa maandishi unaotaja vyombo vinavyovunjika, kabla mzigo haujapanda lori.