Mabango matatu, gereji moja: uzoefu wangu

Ndani ya miaka sita nimenunua mabango matatu ya kupamba gereji yangu. La kwanza sasa linafunika mbao nje, la pili limetobolewa na cheche kama chujio, na la tatu ndilo hili ninalolitazama ninapoandika. Picha zote tatu nazipenda hadi leo. Kilichonigharimu ni pindo, wino na mahali nilipotundika, mambo ambayo siku ya kuagiza sikuyauliza hata kidogo kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye picha.

Gereji yenyewe ni ya nyumbani. Kuna pikipiki mbili zinazofunguliwa na kufungwa tena, benchi lenye jiriwa, grenda, kompresa, na kona ya kuchomelea. Ukuta wa nyuma ni zege tupu, na nilichoka kuutazama kila nikiinama kutafuta spana.

Bango la kwanza lilikuwa la vinili nyembamba, limechapwa mchoro wa injini iliyopasuliwa katikati, kila pistoni na kila bolti inaonekana. Lilifika limekunjwa mraba kama shati jipya. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mikunjo ile haikutoka kamwe: juani, kwenye joto la dirisha, hata baada ya kulilaza wiki nzima chini ya ubao. Mahali lilipokunjwa wino ulipasuka na kuacha mistari myeupe, mmoja ukipita katikati ya silinda. Na harufu! Lilichapwa kwa wino wa kiyeyushi, yaani wenye kemikali kali kama thina, na nadhani halikupewa muda wa kukauka sawasawa, maana kwa wiki mbili gereji ilinuka kuliko siku ninayopiga rangi.

Sikujali. Nikachukua misumari minne, nikagonga kona nne, nikarudi nyuma kulitazama kama mtu aliyejenga jumba. Joto lilipopanda vinili ikatanuka, bango likashusha tumbo katikati. Nikalikaza. Usiku wa baridi likajikunja, na kwa kuwa msumari haurudi nyuma, kilichorudi ni vinili: matundu ya kona yakaanza kurefuka kama tone la maji. Kingo zilikuwa zimekatwa tu kwa kisu bila kupindwa, na pete za chuma za kutundikia zilibanwa kwenye tabaka moja tupu. Mwezi wa nane kona mbili zilichanika siku moja.

Baada ya hapo nikaanza kulichunguza vizuri, kama unavyofungua injini iliyokufa. Bango la vinili si plastiki tupu. Katikati kuna wavu wa nyuzi za poliesta, na PVC, yaani plastiki ya vinili yenyewe, iko pande zote mbili. Nguvu ya kutochanika iko kwenye wavu. Plastiki kazi yake ni kubeba wino na kuzuia maji. Liinue mbele ya taa utauona wavu huo, na ukiona nyuzi zimeachana sana, ujue umeshikilia kitu cha sherehe ya siku mbili. Mengine hutengenezwa kwa kugandisha karatasi mbili za vinili juu ya wavu, mengine kwa kuupaka wavu plastiki ya majimaji hadi vyote vinakuwa kitu kimoja. Langu lilikuwa la kugandisha. Nilipoweka ukucha kwenye kona iliyochanika, tabaka la mbele lilibanduka kama ganda la ndizi.

Uzito hutajwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Utakutana sana na 440, kisha 510, na ya kazi nzito huanzia kama 610. Gramu 440 iliyopindwa vizuri itakaa ndani ya nyumba bila shida, kwa hiyo usiache mtu akuuzie uzito peke yake. Ningechukua 440 yenye pindo kuliko 610 iliyokatwa kwa kisu.

Niliposoma habari za vinili nilikutana na jambo lililonichekesha. Aliyegundua namna ya kuilainisha PVC, mwaka 1926, ni Waldo Semon, mkemia wa B.F. Goodrich, ambayo wakati huo ilikuwa kampuni ya matairi. Alikuwa akitafuta gundi ya kushikanisha mpira na chuma. Kwa hiyo vinili nayo ni mtoto wa gereji kwa namna fulani. Lakini kemikali hizohizo zinazoilainisha huhama polepole kutoka ndani yake. Ndiyo maana ukiliacha bango limekunjwa uso kwa uso kwenye joto, hushikana na wino huhamia upande wa pili. Likunje kwa kuviringisha kama mkeka, picha ikiwa nje, kwenye bomba pana.

La pili nikaamua kukimbia vinili kabisa. Nikachukua kitambaa cha poliesta kama cha bendera, kilichochapwa kwa wino unaogeuzwa mvuke kwa joto la karibu nyuzijoto 200 na kuingia ndani ya uzi wenyewe. Hapa nasifu bila kusita. Rangi haipasuki kwa sababu haikai juu ya kitambaa. Unalikunja upendavyo, unalifua, unalining'iniza, mikunjo inaisha. Taa ya dari haimwagi mng'ao juu yake, jambo ambalo vinili yenye kung'aa hufanya kiasi kwamba ukisimama upande mmoja huoni picha, unaona taa. Kwa chumba cha kuegesha gari, chenye rafu safi na baiskeli ya watoto, ningesema chukua kitambaa na usihangaike zaidi.

Kwangu hakikufaa, na kosa si la kitambaa. Gereji ya kazi ina hewa nzito. Kompresa inapopuliza, mvuke wa oili na vumbi la breki huelea, na kitambaa hunywa vyote. Vumbi lilitoka nilipofua; madoa ya grisi yalibaki kivuli. Kisha ikaja siku ya kukata bomba la ekzosi. Nilikuwa nimeweka grenda karibu na benchi, cheche zikaruka nyuma yangu nami sikuziona. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 260 hivi, na cheche ya chuma inazidi hapo mara kadhaa. Nilipogeuka kulikuwa na matundu kumi na kitu, kila moja na ukingo mgumu mweusi. Jirani yangu, ambaye kuchomelea ndiyo kazi yake, alikuja kutazama akasema, "Bwana, shukuru hilo limetoboka tu. Ungekuwa na kopo la thina chini yake tungekuwa tunaongea mengine."

Alinifanya nisome maandishi madogo. Ukiona bango limeandikwa B1, ni kipimo cha Ujerumani cha vitu vigumu kuwaka. M1 ni cha Ufaransa. NFPA 701 ni cha Marekani kwa vitambaa na mapazia. Hakuna hata kimoja kinachosema haliungui. Maana yake ni kwamba moto mdogo ukiondolewa, bango halipaswi kuendeleza mwali. Vinili bado itayeyuka, na PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi ya kloridi inayochoma koo. Kanuni za Marekani za kazi za moto hutaka vitu vinavyowaka viwe umbali wa mita 11 kutoka mahali pa kuchomelea, au vifunikwe. Gereji yangu yote haifiki mita 11 hata nikipima kutoka kona hadi kona. Kwa hiyo nikachagua njia moja: bango liweze kushushwa haraka.

Bango la tatu nililiagiza nikiwa na maswali, na yule kijana wa uchapaji mwanzoni alidhani namtega. Nilitaka vinili ya gramu 610, ya kupakwa si ya kugandishwa, isiyong'aa. Pindo la sentimita 3 kuzunguka pande zote, limeunganishwa kwa joto. Pete za shaba nyeupe au njano, si za bati, maana bati hutoa kutu na kutu hushuka mstari mwekundu juu ya picha. Pete kila sentimita 50, na zipite kwenye pindo lenye tabaka mbili. Wino wa lateksi, ambao ni wa maji na hukaushwa kwa joto, hivyo harufu yake ni ndogo sana. Wino wa kukaushwa kwa miale ya urujuanimno (UV) nao ni mgumu dhidi ya mikwaruzo, lakini kwa kuwa nilijua nitakuwa naviringisha na kufungua, niliogopa usije ukapasuka.

Kuhusu picha nina machache. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa upana ukiitandaza mita 2 inabaki na nukta kama 50 kwa inchi. Ukiwa umesimama upande wa pili wa gereji huoni tatizo, ukiinamia karibu unaona chenga. Lenga nukta 100 kama utalipita karibu. Na ile kijani inayowaka kwenye skrini sahau, rangi nne za mashine haziwezi kuifikia.

Kazi iliyonipa raha ni kutundika. Nilitoboa zege, nikafunga vipande viwili vya mbao vyenye unene wa sentimita 2, kimoja juu na kimoja chini, nikanyoosha kwa pimamaji. Bango haligusi ukuta. Nyuma yake hewa inapita, kwa sababu zege huvuta unyevu na bango la kwanza nilipolitoa nilikuta ukungu mweusi mgongoni. Kwenye mbao nikaweka ndoano, na kila pete ikapata kamba fupi ya mpira yenye kitufe cha mviringo cha kuifungia. Joto likitanua vinili, mpira unavuta; baridi ikiibana, mpira unaachia. Tumbo halijawahi kushuka tena. Na nikitaka kuchomelea, nafungua kamba, naviringisha, natoa nje. Dakika mbili tatu, tena kwa mkono mmoja ukishakuwa na mazoea.

Nimelitundika ukuta wa pembeni, mkabala na benchi, si nyuma yake. Hapo cheche za grenda hazielekei kabisa.

Miaka mitatu na ushee sasa. Halijachanika popote. Rangi nyekundu na njano zimepauka kidogo upande unaopata jua mlango ukiwa wazi, huku bluu na nyeusi zikiwa vilevile. Ndivyo wino wa kuchapia ulivyo, nyekundu na njano hutangulia kuondoka. Kama mlango wako unatazama jua la mchana, usiweke hapo picha ya gari jekundu. Nalisafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kitambaa laini, basi. Siku moja nilikuwa na dawa ya kusafishia breki mkononi, nikaona tone la grisi, nikapuliza bila kufikiri. Grisi ilitoka. Herufi mbili nazo zilitoka.

Malalamiko yangu mengine juu yake ni madogo. Ni zito, kwa hiyo skrubu fupi hazitoshi. Na vumbi la chuma kutoka kwenye grenda limeganda sehemu ya chini na kugeuka vidoti vya rangi ya chungwa ambavyo sabuni haiviondoi. Hilo ningeweza kulizuia kwa kulipangusa likiwa kavu kila nikimaliza kukata, kabla unyevu wa usiku haujaingia. Nilijua na sikufanya.

Kwa nyota, la kwanza nalipa moja, ya mchoro. Kitambaa nakipa tatu na nusu, na kwa gereji isiyo na cheche ningekipa tano. La tatu nalipa nne na nusu.

Juzi nimeona pete ya kona ya chini, upande wa kompresa, imeanza kucheza. Nadhani ni mtikisiko. Nimehamisha kompresa hatua mbili na kulegeza ile kamba; nikiona bado inacheza nitaibana upya kwa koleo.