Mashine ya kukaushia mboga yenye feni nyuma, nyota nne kwa chipsi

Jamani kama unapenda chipsi za mboga na hutaki habari za mafuta hii mashine inunue, ila kabla hujatoa hela angalia feni iko wapi. Yangu iko nyuma, upepo unapita kwenye trei zote kwa mpigo kwahiyo ya juu na ya chini zinakauka karibu sawa. Zile za trei za kupandanisha zenye feni chini mara nyingi inabidi uwe unahamisha hamisha, ya chini juu ya juu chini, la sivyo nyingine zinakauka nyingine bado mbichi.

Kingine hakikisha ina sehemu ya kupanga moto, hii mi naona ni lazima kabisa. Mboga nyingi zinataka nyuzi 52 mpaka 57 hivi, sasa watu wanaona inachelewa wanapandisha moto mpaka mwisho, matokeo yake kipande kinakauka nje tu, ngozi inajifunga, unyevu unabaki ndani, unadhani tayari kumbe ukishaweka kwenye chupa zinalainika na ukungu juu. Oveni nyingi ndo zinafelia hapo, moto wake wa chini kabisa bado mkali.

Zukini (vile viboga vidogo virefu vya kijani) zinatoka vizuri mno, nyembamba, zinavunjika kaa! Ila karibu 95% ya zukini ni maji kwahiyo zinanywea vibaya sana, trei nzima inaishia kabakuli kadogo, na chumvi weka kidogo tu mana kipande kinanywea chumvi inabaki ileile. Mafuta usipake kama unataka zikae, yanachacha.

Karoti na viazi vitamu usipange vibichi, chovya dakika chache kwenye maji yanayochemka halafu maji baridi, futa ndo upange. Rangi inabaki nzuri, na kiazi ukikikausha kibichi kinakuwa kigumu kama kucha. Bitiruti chemsha ziive kabisa, weka trei ya chini mana zinadondosha maji mekundu. Unene milimita 3 hivi na vyote vilingane, kwa hilo mashine haikusaidii, tafuta kikatio kizuri.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu feni inavuma na ni masaa 6 mpaka 10 hivyo, kulala nayo chumba cha karibu ni shida, halafu vitundu vya trei vinashika mabaki inabidi uloweke maji ya uvuguvugu kwanza ndo usugue.

Zikitoka acha zipoe kabisa ndo ufunge kwenye chupa ya glasi, na wiki ya kwanza uwe unaitikisa kila siku unaangalia. Ukiona mvuke kwenye kioo rudisha kwenye trei hapohapo, bado hazijakauka hizo.