Nimemkosa nyati aliyesimama: uzoefu wangu na kikokotoo cha JBM

Mke wangu hajaniacha nipumue tangu turudi safari. "Baba Amani, yaani siku mbili barabarani, halafu ukamkosa nyati? Nyati mwenyewe kasimama tuli?"

Ni kweli, nilimkosa. Pale Whittington Center, uwanja wa kulenga shabaha nje kidogo ya mji wa Raton, New Mexico, Marekani, kuna nyati mweupe wa chuma aliyesimamishwa yadi 1,123 kutoka mahali pa kufyatulia, kama mita 1,027 hivi. Ukubwa wake ni wa nyati hai. Nilimpigia risasi tano za mwanzo na zote zikapita juu ya mgongo. Vumbi likatimka nyuma yake huko mlimani, yeye akabaki ananitazama.

Wa kulaumiwa ni mimi. Naeleza kilichotokea kwa sababu ndicho kilichonifanya nikiamini zaidi kikokotoo chenyewe, kile kinachokuambia risasi itashuka kiasi gani njiani.

Natumia JBM Ballistics, ukurasa wa bure mtandaoni. Hauna picha wala mapambo. Unachagua risasi yako kwenye orodha, unajaza mwendo wake inapotoka mtutuni, urefu wa darubini juu ya mtutu, umbali uliowekea ziro (pale risasi inapopiga palepale unapolenga) na hali ya hewa ya mahali ulipo. Ukibonyeza, unapata jedwali: kwa kila umbali, risasi itashuka kiasi gani na uzungushe tareti (kile kizungushio cha juu ya darubini) kwa mili ngapi au MOA ngapi, vipimo viwili vya pembe. Bunduki yangu ni ya risasi aina ya 6.5 Creedmoor, uzito greni 140 (kama gramu 9), ziro mita 100. Nyumbani Ohio, karibu na Ziwa Erie, jedwali hilo halijawahi kuniangusha mpaka yadi 600, ambapo uwanja wetu unaishia.

Lakini Ziwa Erie liko mita 174 tu juu ya usawa wa bahari, na Raton tulikuwa karibu mita 2,000. Hilo nililijua. Ndiyo maana asubuhi ile nilifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, nikasoma mgandamizo wa hewa, hektopaskali 1,015, nikauandika kwenye kikokotoo kwa kujiamini kabisa.

Sasa sikilizeni. Namba ile ya kwenye simu si ya hewa unayoivuta. Watu wa hali ya hewa huirekebisha ili ionekane kana kwamba kila mji uko pwani, maana bila hivyo ramani zao haziwezi kulinganisha Raton na Miami. Mgandamizo halisi wa pale juu ni kama hektopaskali 800. JBM ina kisanduku kabisa cha kutia alama kueleza kama namba uliyoijaza ni ya kurekebishwa au ni halisi. Nilikipita bila kukisoma, kama tunavyopita masharti ya benki.

Basi kikokotoo kikaamini kwamba napigia ufukweni. Hewa nzito huishika risasi, ikapoteza kasi na kushuka zaidi, kwa hiyo kikanipa mili 11.1. Hewa ya Raton ni nyepesi, risasi ikaenda na kasi yake. Nilipojaza mgandamizo halisi, jibu likawa mili 10.1. Na mili moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali, kwa hiyo kwa mita 1,027 kosa langu lilikuwa mita moja na kidogo juu. Mgongo wa nyati hauko mita moja juu ya kifua chake.

Nikashusha tareti kliki kumi, yaani mili moja. Risasi ya sita nilifyatua, nikasubiri. Kule mbali sauti hukawia: risasi inaruka karibu sekunde mbili, halafu mlio wa chuma unarudi kwa mwendo wake wa sauti, sekunde tatu nyingine. Ukisubiri sekunde tano hivyo unaanza kukata tamaa. Kisha *nggg*. Mzee mmoja Mmarekani wa meza ya jirani alipiga makofi peke yake.

Kwa anayetaka kujua hesabu iliyo nyuma ya jedwali, ni ya darasa la tano. Mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100, sentimita 50 kwa mita 500. Ikiwa risasi yangu inashuka sentimita 165 kwenye mita 500, nagawa kwa 50, napata mili 3.3. Darubini yangu husogea mili 0.1 kwa kliki, kwa hiyo kliki 33. Mwenye darubini ya MOA akumbuke kwamba MOA moja ni sentimita 2.9 kwa mita 100. Kushuka kulekule kwake ni MOA 11.3, na kwa kliki za robo ni kama 45. Kazi ngumu ni kujua risasi inashuka sentimita ngapi, na hiyo ndiyo unayomwachia kikokotoo.

Kwa hiyo mimi nadhani watu wengi wanatoa pesa mahali pasipo pake. Niliwahi kulipia programu ya simu ya ada ya kila mwaka (jina naliacha) yenye rangi, michoro na sauti. Nilipoipa namba zilezile nilizoipa JBM, majibu yalikuwa yaleyale, kasoro kliki moja. Afadhali pesa ile ungenunulia kipima mwendo. Boksi la risasi zangu linasema futi 2,710 kwa sekunde, lakini wamepima kwa mtutu wa inchi 24, na wangu ni wa inchi 22. Rada ndogo ya kukopa ikanionyesha 2,665. Tofauti hiyo kwa yadi 1,000 ni karibu mili 0.3, sawa na sentimita 30 hivi. Kwa nyati si kitu, kwa duara la karatasi umeaga mashindano. Urefu wa darubini juu ya mtutu nao upime kwa rula, usiukisie: ukikosea sentimita moja, kule mbali umekosa kliki nzima.

Na darubini yenyewe ijaribiwe. Ya kwangu ya kwanza, niliyoinunua kwa sababu ya bei, ilinidanganya mwaka mzima. Siku moja nilining'iniza uzi wenye jiwe mbele ya kadibodi ndefu iliyo umbali wa mita 100, nikachora mstari kwa kufuata uzi, nikapiga chini, nikazungusha mili 10, nikapiga tena nikiwa nimelenga palepale. Matundu yalipaswa kuachana sentimita 100. Yaliachana 97. Kila mili niliyozungusha ilikuwa pungufu asilimia tatu, na hakuna kikokotoo duniani kitakachokuambia hilo. Darubini ya sasa, matundu yaliachana 100 kamili, nikaipiga picha kadibodi kama cheti cha ndoa.

Usumbufu mmoja wa JBM: unahitaji intaneti, na kule milimani mtandao unakuja na kuondoka. Siku hizi nachapa jedwali nyumbani, moja la Ohio na moja la mita 2,000, nabandika kwa gundi ya karatasi pembeni ya kitako cha bunduki. Mgandamizo nausoma kwenye kipima hewa cha mkononi, ule halisi.

Nampa JBM nyota tano. Nyota zangu mimi naziacha kwa Mama Amani, ambaye jioni ile alilala kwenye mkeka, akaomba nimwekee hiyo 10.1, akampiga nyati kwa risasi yake ya kwanza.