Uzoefu wangu na albamu ya The First Four Years ya Black Flag

Mtu anayetaka kuielewa Black Flag, bendi ya panki (roki ya kasi na kelele) iliyoanzishwa na mpiga gitaa Greg Ginn huko Hermosa Beach, California, mwaka 1976, namshauri aanze na mkusanyiko huu uliotolewa mwaka 1983 na SST, kampuni ya Ginn mwenyewe. Jina la Henry Rollins ndilo linalovuma zaidi bendi hiyo inapotajwa, lakini hapa hayumo kabisa. Waliomo ni waimbaji watatu waliomtangulia, kila mmoja kwa zamu yake, na kwa kuwa gitaa la Ginn na besi ya Chuck Dukowski hazibadiliki, msikilizaji anaweza kupima kila mwimbaji alileta nini na aliondoka na nini.

Keith Morris, aliyeondoka na kwenda kuanzisha bendi ya Circle Jerks, anaimba kwa papara na hasira kavu. Ron Reyes, aliyeiacha bendi mwaka 1980 katikati ya onyesho huku wenzake wakiendelea kupiga, ana sauti nyepesi zaidi, na kwangu hiyo ndiyo sehemu inayochosha mapema.

Aliyenigusa kuliko wote ni Dez Cadena. Sauti yake ni nzito na imekwaruzika, kama ya mtu aliyekesha akiita watu ng'ambo ya mto, na chini yake gitaa la Ginn linaanza kupinda na kukataa kutulia, jambo ambalo halikusikika sana wakati wa Morris. Ni sauti iliyochakazwa na kazi. Haishangazi kwamba mwaka 1981 alimwachia Rollins maikrofoni, akabaki na gitaa la pili.

Ubora wa rekodi haulingani, kwa sababu zilifanywa kwa nyakati tofauti na kwa fedha kidogo, na albamu nzima haifiki nusu saa. Hata hivyo naipa nyota nne kati ya tano bila kusita.

Ukishaimaliza, tafuta albamu yao ya Damaged ya mwaka 1981 usikilize wimbo wa Six Pack, ambao humu umeimbwa na Cadena na kule na Rollins. Rollins ana nguvu zaidi, lakini Cadena ndiye ninayemsadiki.