Nimehamia Evanston, bili ya simu imebaki Chicago

Mwaka wa tatu sasa tuko kwenye laini za kulipia mwisho wa mwezi za kampuni moja kubwa ya simu hapa Marekani. Mtandao wao siulalamikii: hata treni ya Red Line ikizama chini ya ardhi, simu inashika. Tatizo ni bili.

Kifurushi cha laini nne (mimi, mke wangu, binti yetu na mama mkwe) kilitangazwa dola 140. Bili ikaja dola 183 na senti zake. Kwetu Tanga VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa vimeshamezwa ndani ya bei. Unaweka vocha, unanunua bando, yamekwisha. Huku wanakuonyesha kila senti, ila ukurasa wa tatu, kwa herufi za sisimizi. Nilikuwa nalipa tu. Kichwa cha safu kilisema kodi na tozo, na mgeni hagombani na kodi.

Novemba 2024 nilikaa mezani na kalamu. Nikaanza na dola 14, yaani dola 3 na nusu kwa kila laini, iliyoitwa ada ya utawala. Nilipiga simu huduma kwa wateja, nikauliza ni ya serikali gani: ya shirikisho, jimbo au jiji? Dada aliyepokea akanyamaza kidogo, kisha akasema si ya serikali yoyote. Ni ya kampuni, ya kufidia gharama zao. Basi ni bei, si kodi. Wameitoa kwenye tangazo wakaipachika kati ya kodi ili isiulizwe. Hapo ndipo nilipowakata nyota mbili kati ya tano za tathmini hii.

Mstari mwingine, kama dola 4, ni mchango wa mfuko wa mawasiliano kwa wote. Kiwango chake hubadilika kila robo mwaka; robo ya tatu ya 2024 kilikuwa asilimia 34.4. Usishtuke, kinapigwa kwenye sehemu ya mapato ya simu za kuvuka majimbo na za nje ya nchi tu, si kifurushi kizima. Sheria inaidai kampuni, si mteja, ila kampuni inaruhusiwa kukusukumia, mradi isizidishe. Huu sikuununia. Ndio unaolipia punguzo la Lifeline, dola 9.25 kwa mwezi kwa wenye kipato kidogo, na jirani yetu alilitumia alipofika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Kodi ya jimbo la Illinois wakati huo ilikuwa asilimia 7, na ya jiji la Chicago asilimia 7 nyingine. Nilikokotoa asilimia 14 ya 140 nikapata 19.60. Bili ilisema 5.60. Nikadhani wamekosea kwa faida yangu, nikataka kunyamaza! Kumbe sheria ya shirikisho ya 1998, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2016, inakataza majimbo na miji kutoza kodi huduma ya intaneti. Kodi hizo zinagusa sehemu ya maongezi tu.

Iliyobaki ni dola 20 za huduma ya dharura ya 911. Wakati huo Chicago ilitoza dola 5 kwa kila laini kwa mwezi, uwe unapiga simu usiku kucha au uwe mama mkwe, ambaye simu yake ni ya kupokelea WhatsApp za Tanga. Ila sisi tulihama Rogers Park, mtaa wa Chicago, tangu Machi. Tumevuka barabara ya Howard tu, tukawa Evanston, mji mwingine, ambako tozo hiyo ilikuwa dola 1.50. Kodi za simu hufuata anwani ya mahali unapoitumia zaidi, na anwani yetu kwenye akaunti ilikuwa bado ile ya zamani. Dola 14 za ziada kila mwezi, bili nane: 112.

Kosa la kutobadilisha anwani ni langu. Lakini kampuni yenyewe ilikuwa imenitumia simu mpya ya binti yangu Evanston mwezi Juni, tena ikafika mlangoni!

Dada yule alibadilisha anwani papo hapo, akanirudishia miezi mitatu, dola 42, akasema mfumo haumruhusu zaidi. Mke wangu akasema tuache. Mimi nikaandika barua. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 kuhusu kodi za simu za mkononi inasema ukilalamika kwa maandishi, kampuni ina siku 60 za kuchunguza, na ikiona kosa inakurudishia hadi miaka miwili nyuma. Nikaambatisha mkataba wa nyumba na bili ya umeme.

Siku ya 41 bili ikaingia na mstari mpya juu kabisa: toa dola 70. Ada ya utawala, dola 14, bado ipo.

Nyota tatu kati ya tano.