Rama: baada ya kitabu cha kwanza, nimevunjika moyo mara tatu

Nimemaliza mfululizo wote wa Rama, vitabu vinne, na ninaandika nikiwa bado na uchungu, kwa sababu kile cha kwanza nakipenda kuliko hadithi yoyote ya kisayansi niliyowahi kuisoma. Nitagusia yanayotokea ndani, kwa hiyo ambaye hajasoma na hapendi kufichuliwa aishie hapa.

Rendezvous with Rama ya Arthur C. Clarke ilitoka mwaka 1973 ikazoa tuzo za Hugo na Nebula. Ni miaka ya 2130. Kitu kinachopewa jina Rama kinaingia kwenye mfumo wa Jua, wanasayansi wanadhani ni jiwe la angani, kumbe ni silinda iliyotengenezwa, urefu kilomita 50, upana kilomita 20, inajizungusha. Nahodha Norton na watu wake ndio pekee wanaoweza kuifikia, na muda walionao ni mfupi, kwani Rama inapita tu karibu na Jua na kwenda zake.

Uhondo wa kitabu hiki uko hivi. Ndani ya silinda kuna bahari inayozunguka tumbo lote la chombo kama mshipi. Ukingo wake wa kaskazini una urefu wa mita 50, ule wa kusini mita 500. Kwa nini tofauti yote hiyo? Hakuna mwenyeji wa kumuuliza, hakuna maandishi. Wanawaza, wanapiga hesabu, mpaka wanang'amua: Rama ikiongeza mwendo, maji yatasukumwa kuelekea kusini, na ukuta ule mrefu upo ili yasimwagike. Ukuta tu umewaambia chombo huelekea upande gani na kinaweza kuongeza kasi kiasi gani. Baadaye kijana Jimmy Pak anaanguka na baiskeli yake ya kuruka huko kusini, na njia ya kurudi ni moja: ajirushe baharini kutoka juu ya ukuta huohuo, shati lake mikononi likiwa parachuti. Pale nilishika pumzi, na anaponusurika unajua ni sheria za fizikia zilizomwokoa, mwandishi hakumpendelea.

Walioijenga Rama hatuwaoni kabisa. Inachota nguvu kwenye Jua, inaondoka, na kitabu kinafungwa kwa wazo la mwanasayansi mmoja kwamba Warama hufanya kila kitu mara tatu. Wengi walilichukua kama ahadi. Clarke mwenyewe alieleza baadaye kwamba sentensi ile aliiongeza wakati wa kupitia mswada mara ya mwisho, hakuwa na nia ya kuandika mwendelezo. Laiti angeshikilia hapo.

Rama II ilikuja mwaka 1989, safari hii akishirikiana na Gentry Lee, mhandisi wa NASA aliyefanya kazi kwenye miradi ya vyombo vya anga vya Viking (Mirihi) na Galileo (Mshtarii). Nilitegemea hesabu zaidi na maajabu zaidi. Nilichopata ni kurasa na kurasa za mtikisiko wa uchumi duniani, mapenzi ya wanaanga, mikataba ya televisheni na njama za mwandishi wa habari Francesca Sabatini, yote hayo kabla mtu hajatia mguu ndani ya chombo cha pili cha Rama kilichokuja. Watu wa Norton walikuwa na kazi ya kufanya wakaifanya. Hawa wanaanga kumi na wawili wanaviziana tu, na mimi sikuelewa nani aliwapitisha kwenye usaili.

Haki yake nitampa Nicole des Jardins. Ni daktari Mfaransa ambaye mama yake ni Msenufo wa Côte d'Ivoire, na kumbukumbu zake za jando na unyago wa Poro, chama cha jadi cha Wasenufo, akiwa mtoto zinaingia kwenye hadithi. Anaponasa shimoni peke yake, njaa inamuuma, nilisoma bila kuacha. Lakini mwanamke huyu huyu amebebeshwa siri ya mtoto aliyezaa na mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza! Hilo la nini?

The Garden of Rama (1991) ndiyo iliyonichosha zaidi. Nicole na wanaume wawili wamebaki ndani ya Rama, wanazaa, wanalea. Kisha wanaletwa watu wapatao 2,000 kutoka duniani, wanajengewa makazi, na punde jambazi mmoja, Nakamura, ametwaa madaraka, kuna makasino, madawa na vita dhidi ya majirani wenye mabawa. Binadamu ndivyo tulivyo, sikatai. Ila hadithi hii ingeweza kutokea kwenye mji wowote. Rama imekuwa pazia la nyuma.

Rama Revealed (1993) ina kitu kimoja kizuri sana: viumbe wenye mikono minane ambao husemezana kwa mistari ya rangi inayopita vichwani mwao. Sura za mji wao ndizo pekee zilizonirudishia ile hamu ya mwanzo. Halafu mwishoni tunajibiwa kila kitu. Kiumbe aitwaye Tai anamkalisha Nicole na kumweleza kwamba kazi yote ile ni ya kukusanya habari za viumbe wenye akili kwa ajili ya mpango wa Muumba. Mimi ni mtu wa dini, kutajwa Mungu hakunikeri hata kidogo. Kilichoniudhi ni kuhutubiwa. Kitabu cha kwanza kiliniachia ukuta wa mita 500 nikafikiri mwenyewe. Hiki kimeniletea mhadhiri.

Kwa anayeuliza anunue kipi: kile cha 1973, peke yake, nyota tano, kinajitosheleza na si kinene. Anayependa visa vya familia vizazi kwa vizazi huenda akafurahia cha pili na cha tatu, nami navipa nyota mbili mbili kwa ajili ya Nicole. Cha nne nakipa mbili na nusu, nusu hiyo ikiwa ya wale wa mikono minane.