Waliliosha Zulia, Mkojo Wakauacha Chini Yake

"Mama, zulia sisi tumeshalisafisha, kinachonuka sasa hapo kwako ni tabia ya kufuga mbwa ndani kama Mzungu." Maneno hayo niliambiwa kwa simu na msimamizi wa kampuni ya kuosha mazulia hapa Arusha, kampuni niliyokuwa nimeilipa fedha taslimu siku chache tu zilizotangulia, na ninakiri mapema kwamba tathmini hii naiandika nikiwa bado nayasikia masikioni. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa mji wetu ni mdogo na tunakutana sokoni. Hata hivyo, yeyote anayefikiri kumwita mtu wa mashine kwa ajili ya mkojo wa mbwa, asome kwanza yaliyonipata.

Mbwa mwenyewe anaitwa Karanga. Si mbwa wa kizungu hata kidogo. Ni mbwa wetu wa kawaida, mwenye rangi ya karanga za kukaanga, aliyezaliwa kwenye nyumba ya jirani na kuletwa kwetu na mwanangu wa mwisho ndani ya sweta la shule. Makusudio yalikuwa alale nje bandani kama mbwa wote wa mtaa huu. Masika yakaja na nguvu zake, banda likajaa maji mpaka usawa wa kizingiti, na mtoto wa mbwa wa miezi miwili akawa anatetemeka usiku kucha. Tukamwingiza ndani kwa siku mbili. Siku mbili zikawa mwezi, na katika mwezi huo alichagua kona moja ya sebule, nyuma ya kochi kubwa, upande wa dirisha, akaifanya choo chake.

Zulia letu si lile la kukunja na kuanika kwenye kamba. Ni zulia lililogundishwa sebule nzima, na chini yake kuna sponji, jambo ambalo nililisahau kabisa mpaka liliponiletea msiba. Jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye ni Mwislamu na ambaye kwa miaka mingi tumekunywa chai pamoja, alikuwa amekwisha kuacha kuingia sebuleni. Anasimama barazani, anasema ana haraka. Nilijua sababu. Kwao mkojo wa mbwa ni najisi nzito, na sina la kumlaumu, maana hata mimi ambaye sina sharti hilo nilikuwa nikiingia sebuleni asubuhi nikiwa nimebana pumzi.

Kabla ya kuwaita mafundi nilifanya makosa yangu mwenyewe, nayo nayataja ili haki itendeke. Nilimwagia ile kona dawa ya klorini, ile tunayong'arishia mashuka meupe, nikidhani inayoua wadudu chooni itaua na harufu. Rangi ya zulia ikapauka kwa umbo la sahani, macho yakaniwasha na kifua kikabana, nikalazimika kufungua madirisha yote mvua ikiingia. Daktari wa mifugo aliniambia baadaye kwamba mkojo unapovunda hutoa amonia, na klorini ikikutana na amonia huzaa hewa yenye sumu; kwa hiyo wenzangu, msifanye hivyo kamwe, hasa nyumba ikiwa na watoto wadogo. Hilo lilikuwa kosa langu, nimelimeza.

Ndipo nikaipigia simu kampuni. Walikuja wawili: msimamizi mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na kijana mmoja aliyebeba mashine mgongoni kama mwanajeshi. Nikawaeleza kwa uwazi, tena kwa aibu, kwamba tatizo ni mkojo wa mbwa, uko kona ile, na umekaa wiki kadhaa. Nasisitiza kwamba nilisema, kwa sababu baadaye msimamizi alidai hakuambiwa.

Kijana alifanya jambo ambalo mpaka leo nalikumbuka kwa heshima. Alivua viatu, akasogeza kochi, akapiga magoti, akainamisha pua mpaka karibu na nyuzi za zulia. Akabonyeza kwa kiganja, akakinusa kiganja. Kisha akachomoa bisibisi mfukoni, akainua ncha ya zulia kwenye pembe ya ukuta, na hapo mimi na yeye tukaiona sponji: haikuwa tena na rangi yake, ilikuwa na duara la kahawia lenye kingo za manjano, kubwa mara tatu ya doa lililoonekana juu. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hii imefika chini. Tukiosha juu tu, itarudi."

Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote niliyoyahitaji, na aliyatoa bila malipo. Msimamizi akamkata kauli pale pale. "Wewe washa mashine," akamwambia, bila hata kuinama kutazama. Zulia likarudishwa chini, likamwagiwa shampuu na kupigwa mvuke wa moto uliofanya sebule nzima iwe kama bafu, halafu likafyonzwa maji. Mwishoni msimamizi mwenyewe, aliyekuwa hajagusa kitu tangu afike, akatoa chupa mkobani na kupulizia manukato yenye harufu ya stroberi, ya pipi za watoto. Akatabasamu, akasema, "Hii nakuongezea, mama." Nikashukuru! Nikalipa shilingi 85,000, nikapewa risiti iliyokunjwa, nikaitia kwenye droo, na jioni ile nikamwita jirani aje kunywa chai.

Siku tatu tulikaa kwa amani. Siku ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri, madirisha yakafungwa, unyevunyevu ukatanda ndani, na ilipofika saa nne asubuhi harufu ilikuwa imeamka. Hakuna neno jingine ninaloweza kutumia: iliamka, tena ikiwa imevaa stroberi. Ninyi mliowahi kunusa mkojo uliovunda mnajua ulivyo. Sasa uchanganyeni na pipi, uwe na joto la mvuke, uwe umesambaa kutoka kona moja hadi nusu ya sebule, maana maji ya mashine yalikuwa yameubeba na kuutawanya ndani ya sponji. Karanga naye akapita akinusanusa, akajisaidia mahali papya kabisa, karibu na meza ya televisheni. Kwa pua yake sebule yote ilikuwa imekwisha kutiwa alama kwamba hapa ni chooni.

Nimejifunza baada ya hapo, na laiti ningejua mapema. Mkojo mbichi haunuki sana. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaoivunja urea iliyomo na kuigeuza amonia, na kazi hiyo huendelea kadiri chakula chao kinavyobaki kwenye nyuzi. Ukikauka, mabaki yake hutulia kimya, kisha unyevu ukirudi harufu nayo hurudi, ndiyo sababu nyumba inaweza kukaa salama kiangazi chote na kukuaibisha siku ya mvua ya kwanza. Mvuke wa moto nao haufai hapa, kwa kuwa joto huweza kulishikiza doa na harufu yake kwenye nyuzi za plastiki. Manukato hayaondoi kitu; yanakaa juu ya uvundo siku mbili tatu, halafu yanaondoka na kuuacha mwenyeji. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuosha mazulia alipaswa kuyajua haya kuliko mimi ninayeuza vitenge.

Basi nikapiga simu. Nilipiga kwa adabu, nikaanza na salamu, nikauliza habari za kazi. Nikaeleza kwamba harufu imerudi na imeenea, nikaomba waje waangalie ile sponji ambayo kijana wao aliiona. Kwanza akasema hakuna sponji iliyoonekana. Kisha akasema hakuambiwa kuwa ni mkojo. Nilipomkumbusha kwamba kochi lilisogezwa mbele ya macho yake, ndipo akanitolea sentensi ile niliyoanza nayo, ya mbwa ndani na Mzungu, na nyuma yake nikasikia watu wakicheka. Akakata simu. Nimefanya biashara kwa muda mrefu, nimekutana na wateja wa kila namna, na sijawahi kumkatia mtu simu huku fedha yake ikiwa mfukoni mwangu.

Kilichonisaidia hatimaye hakikutoka kwao. Wifi yangu, ambaye husafiri kwenda Nairobi kwa shughuli zake, alirudi kupitia Namanga na chupa mbili za dawa yenye vimeng'enya, iliyotengenezwa mahususi kwa mkojo wa wanyama. Haina harufu ya kujivunia na haitoi povu la kutisha. Vimeng'enya vinavunjavunja yale mabaki yenyewe, bakteria wakakosa cha kula. Lakini ina masharti, na wengi wanaosema haifanyi kazi nadhani wameyapuuza. Kwanza nililisuuza zulia kwa maji baridi ili kuondoa shampuu, kwa sababu mabaki ya sabuni na dawa nyingine yanaweza kuvidhoofisha vimeng'enya. Kisha nikasubiri giza, nikapita sebuleni na tochi ya urujuanimno niliyoazima kwa rafiki anayekagua noti bandia dukani kwake, na hapo nikakaa chini nikacheka kwa uchungu: madoa yaling'aa kumi na moja, wakati mimi nilijua manne tu. Kila doa nililimwagia dawa ya kutosha kufika chini ulikofika mkojo, si ya kupuliza juu kama marashi, nikalifunika kwa nailoni lisikauke upesi, nikaliacha usiku kucha.

Kona ya nyuma ya kochi haikupona. Huko nililazimika kuinua zulia, kukata kipande cha sponji cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia, kukitupa, kuisugua saruji ya sakafu kwa dawa ile ile na kuiacha ikauke siku mbili kabla ya kuweka sponji mpya. Yaani kazi ile ile ambayo kijana mwenye bisibisi aliiona kwa dakika moja. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji nimeijaribu pia, pamoja na soda ya kuokea keki, nayo si mbaya kwa mkojo wa leo uliokwisha kufyonzwa kwa kitambaa kikavu. Kwa mkojo wa mwezi mzima ni kujifariji tu.

Karanga mwenyewe tulimpeleka kwa daktari wa mifugo ili kuhakikisha kwamba hana maambukizi ya njia ya mkojo, kwani mbwa mgonjwa utamwadhibu bure. Alikuwa mzima. Daktari akasema mtoto wa mbwa huweza kujizuia takribani saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo sisi tuliokuwa tukimfungia ndani tangu saa tatu usiku hadi alfajiri tulikuwa tukimdai asichokuwa nacho. Nikaona aibu, maana nilikuwa nimemsugua pua kwenye mkojo wake mara mbili, kama nilivyoona watu wakifanya tangu utotoni, kumbe kufanya hivyo kunamfundisha hofu tu, akajifunza kujificha nyuma ya kochi. Sasa anatolewa mara tu anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, anapelekwa kwenye majani yale yale chini ya mparachichi, na akimaliza tu anapewa kipande cha dagaa hapo hapo, si baada ya kurudi jikoni. Mwanangu ndiye mwenye zamu ya usiku. Sweta lilikuwa lake.

Sasa niseme nini kuhusu kampuni? Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kusema msiwaite kamwe. Baadaye, nilipolikumbuka zulia la chumba cha kulala waliloniosha mwaka mwingine, lililokuwa na vumbi na chai iliyomwagika, nikaona si haki, kwa sababu lile lilitoka safi kweli na lilikauka siku ile ile. Kwa matope na vumbi wanaweza. Na yule kijana ni fundi wa kweli, anayestahili bosi mwingine. Hata mimi nina sehemu yangu: niliuacha mkojo ukae wiki nzima nzima, nikaongeza klorini juu yake. Nikaandika nyota mbili.

Kisha nimekwenda kuitoa ile risiti kwenye droo ili nihakikishe kiasi nilicholipa kabla ya kukitaja hapa. Sikuwahi kuikunjua. Ina mistari mitatu kwa mwandiko wa msimamizi: kuosha zulia, 60,000, usafiri, 10,000, manukato, 15,000. Yale aliyosema ananiongezea. Nimezisoma tarakimu hizo mara tatu nikiwa nimesimama kwenye kona ile ile nyuma ya kochi, na nyota moja nimeifuta. Iliyobaki ni ya kijana mwenye bisibisi.